Ukurasa wa Nne Hausomwi Tena

Tunu, kipenzi changu,

Nakuandikia kwenye chumba chetu kipya cha Mwanga, wewe ukiwa Mwandiga unamuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia urudi mpaka ushibe samaki wake wa migebuka. Basi nina nafasi. Begi lako nimeshalifunga, usije ukalifungua tena kukagua. Mambo ya kufika stendi mapema na ya kula njiani sitayaandika. Wewe ni mtu mzima, kazi ya maabara umeisomea, na Mpanda si mwisho wa dunia.

Utashangaa kuona nimeandika, mimi ninayejulikana soko zima la Mwanga kwa mdomo. Wauza mawese wenzangu husema dumu langu linaisha kabla ya yao kwa sababu mteja ananunua haraka ili apate kuondoka. Lakini karatasi ina mwisho, mdomo wangu hauna. Nikianza kukueleza haya uso kwa uso nitaingiza na habari za marehemu bibi yako, nitalia, utanibembeleza, na jambo lenyewe litapotea.

Jambo lenyewe ni kwamba nimepumua. Tangu mwenyekiti wa baraza la ardhi alipotia saini amri yake, naamka asubuhi nikiwa mwepesi, nachemsha chai huku naimba, na wewe mwenyewe umenicheka. Ile hukumu ya kesi yetu ya nyumba imeondolewa mtandaoni. Iliyowekwa badala yake ina herufi tu mahali pa majina, na habari za ugonjwa wako hazimo. Jalada lenyewe limefungwa, asiyehusika halifungui. Kesho unakwenda mji wa watu, na hakuna atakayeandika jina lako kwenye simu akaletewa kifafa chako kabla hajakuona sura. Nasema alhamdulillahi, na nasema tena.

Ila njia tuliyopita kufika hapa, mimi na wewe hatujawahi kukaa tukaizungumza. Tuliizungumza kwa kununiana, na kununa hakuelezi kitu.

Unaikumbuka nyumba ya Kasingirima, ile ya Mzee Sudi, yenye ukuta uliokuwa unatoa chumvi kila masika. Tulihamia humo baba yako alipotuacha, wewe ukiwa bado hujaanza shule. Mzee Sudi alikuwa mtu wa maneno machache, sijui tulipatanaje. Ulipoanza kuanguka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukulaza ubavu na kuwafukuza watu waliotaka kukuwekea kijiko mdomoni. Siku moja aliniita barazani akaniambia, "Mama Tunu, kaa humu mpaka mtoto amalize kidato cha nne. Hakuna wa kukuondoa." Hatukuandika. Kwetu Ujiji, mzee kama yule akishatamka, kumwomba aandike ni kumtukana. Nilimwitikia, nikamletea kahawa, tukamaliza.

Akafa. Arobaini ilikuwa haijafika, mwanawe Bakari akateremka kutoka Dar es Salaam na kusema nyumba anaitaka tupu. Nilimweleza ahadi ya baba yake. Akanijibu kwamba baba yake alikuwa mzee, alisema mengi. Nilivyokataa kutoka akakimbilia baraza la ardhi na nyumba, na huko hakutosheka kusema sina mkataba. Aliandika kwamba nauza gongo uani, na kwamba watu wanaingia jioni na chupa tupu na kutoka na chupa zimejaa. Ni kweli waliingia na chupa. Walikuja kupimiwa mawese! Mawese mekundu yanatia doa kila kinachoguswa, gongo haina rangi. Mtu aliyezaliwa Ujiji akashindwa kuyatofautisha hayo, mpaka leo nikikumbuka napandwa na mori.

Basi nilikwenda barazani nimejaa hasira mpaka kooni. Nilikuchukua shuleni, ukiwa na sare zako, nikakukalisha benchi la mbele. Nilidhani nakwenda na shahidi. Mwenyekiti wa wakati ule aliniuliza swali dogo tu: marehemu alikuambia ukae mpaka lini? Jibu lake lilikuwa maneno matano: mpaka amalize kidato cha nne. Mimi nikatoa hotuba. Nikataja jina lako lote, la baba yako na la babu yako, nikakunyooshea kidole. Nikasema una kifafa, ulivyoanguka jikoni ukaungua mkono, ulivyojikojolea darasani mbele ya wavulana, na kwamba majirani wa Kasingirima ndio pekee wanaojua kukushika, nikihamishwa mtoto wangu atafia ugenini. Wale wazee wa baraza walianza kutikisa vichwa na kusikitika. Niliona huruma yao inafanya kazi, nikaongeza. Mambo mengine niliyoyasema hata daktari sikuwahi kumwambia.

Nakumbuka ulivyokuwa. Ulikuwa unakunja ncha ya ushungi wako, unaikunjua, unaikunja tena. Nilikuona, na nikaendelea.

Tukashinda. Tuliruhusiwa kukaa mpaka umalize mtihani. Na katika hukumu, ukurasa wa nne, likaandikwa neno ambalo nililikariri: "Baraza halikupata ushahidi wowote kwamba mjibu maombi aliuza pombe haramu; anaonekana kuwa mtu mwenye mwenendo mwema." Mjibu maombi ni mimi. Mwenendo mwema ni wangu, kwa mhuri wa baraza! Hujui mwanamke aliyeachwa, anayelea mtoto peke yake Ujiji, anasikia maneno gani nyuma ya mgongo wake. Nilihisi nimevishwa nguo mpya.

Nikaipeleka stesheneri, ule ukurasa ukapigwa laminesheni, nikautundika sebuleni kati ya kalenda na saa. Mgeni hakunywa chai kwangu kabla hajausoma. Fundi wa bati aliusoma, mleta maji aliusoma, shangazi yako asiyejua kusoma nilimsomea mimi. Siku nyingine nilirudi kutoka sokoni nikakuta umegeuka, upande mweupe ndio unaotazama watu. Nikausingizia upepo. Nikaugeuza, kesho yake umegeuka tena. Tunu, nyumba ile haikuwa na upepo wa kugeuza kitu sebuleni. Nilijua. Nilichagua upepo.

Ulipomaliza mtihani tukatoka kwa heshima yetu, tukajibana kwa shangazi Mwandiga, ukaenda chuo. Uliporudi ndipo tukaanza kutafuta nyumba Mwanga, karibu na soko. Dalali akatupeleka kwa yule mama mwenye nyumba ya bati la bluu. Nyumba nzuri, maji ndani, mwenyewe mcheshi. Tulipokwenda mara ya pili ucheshi umepungua. Ameshika simu mkononi.

"Mama Tunu, samahani," akasema. "Mjukuu wangu ameandika jina lako humu. Naona uliwahi kushtakiwa kwa nyumba ya watu."

Mtu mwingine angeona haya. Mimi nilifurahi! Nilimwambia, "Afadhali umeiona, dada yangu. Shuka chini. Usisome huko juu, huko ni uongo wa Bakari. Nenda ukurasa wa nne." Akawa hapaoni. Nikamnyang'anya simu, nikamtafutia mwenyewe, nikamrudishia. Nikasimama pale nimekunja mikono, nangoja asome mwenendo wangu mwema.

Akasoma. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kisha akainua macho, hakunitazama mimi.

"Na binti mwenyewe ndiye huyu?"

Ulikuwa umesimama mlangoni, umevaa lile gauni la kijani.

"Ndiye," nikasema, bado nimeshikilia tabasamu langu.

"Mimi nakaa na wajukuu wadogo, mama. Siku akianguka mbele yao, mimi nitafanyaje? Mtanisamehe."

Ulimuaga vizuri, ukasema tunashukuru, ukanishika mkono tukatoka. Tulipofika karibu na kituo cha magari ya Mwandiga ndipo ukasimama.

"Mama, pale walikusafisha wewe. Mimi wakaniandika."

"Kwani nilidanganya?" nikakujibu, tena kwa ukali. "Ugonjwa si wa kweli?"

"Ni wa kweli. Lakini ni wangu."

Nikakasirika nawe. Nilijiambia mtoto huyu hana shukrani, nilijidhalilisha mbele ya wazee ili apate pa kulala. Siku kadhaa tukapikiana bila kusemeshana, shangazi yako katikati amekaa anatutazama mmoja mmoja. Ndipo ukaniambia na jambo la chuoni, kwamba kule Kasulu kuna mwenzako aliyeikuta hukumu ile akaisoma kwa sauti bwenini, na kwa muhula mzima wasichana walikuwa wakikuita "ukurasa". Ulikaa nalo peke yako miaka yote ile. Simu ulikuwa unanipigia kila Ijumaa, unaniambia chuo kizuri, chakula kizuri.

Ukaleta ombi, umeshaandika kila kitu. Umeuliza watu wa msaada wa kisheria, wakakuambia siku hizi kuna sheria ya kulinda habari za mtu binafsi, na kwamba inawezekana kuliomba baraza lifunge jalada na kuondoa majina. Ila kesi ilikuwa yangu, saini ilitakiwa iwe yangu. Ukaliweka mezani pamoja na kalamu, ukatoka.

Nataka ujue kwa nini lilikaa pale muda mrefu vile. Sikusahau, na macho hayakuwa yananisumbua kama nilivyokuambia. Nilikuwa nalilia neno langu. Jalada likifungwa, na ule mwenendo mwema unafungwa humo humo. Mtu akisema nilikuwa nauza gongo, nitamwonyesha nini? Nilijiuliza: hivi nimsafishe mtoto, mimi nibaki na matope? Ndiyo, mwanangu, mama yako aliwaza hivyo, na hakuwaza kwa dakika moja.

Kilichonitoa hapo ni kazi ya kawaida tu. Niliushusha ule ukurasa, ambao nilihama nao nikautundika kwa shangazi yako, niufute vumbi, na kwa kuwa ulikuwa mkononi nikausoma wote, kuanzia juu. Utaamini kwamba sikuwahi? Kila siku macho yangu yalikuwa yakiruka moja kwa moja mpaka kwenye sentensi yangu. Sentensi yangu ni moja, iko chini. Juu yake, zaidi ya nusu ukurasa, ni wewe. Jina lako, shule yako, kuungua, kujikojolea, yote kwa maneno yangu mwenyewe, yamepigwa chapa. Na mimi nilikuwa nimeyatundika sebuleni na kuwapa wageni wayasome kabla ya chai. Nilikaa chini sakafuni. Kisha nikainuka nikatia saini.

Siku ya kwenda barazani unaikumbuka, lakini ulikuwa nje unajaza karatasi ya mahudhurio, mwanzo hukuusikia. Yule karani, kijana wa Kasulu, alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye, mama," nami nikamwitikia, nikaona roho inatulia kidogo. Akaniambia ombi la namna hii ni mara ya kwanza kulipokea, lakini mwenyekiti amelisoma vizuri. Mwenyekiti sasa ni mama, yule mwenye miwani. Na kwenye benchi la upande wa pili amekaa nani? Bakari! Kanenepa, kapungua nywele. Kumbe sheria inataka naye asikilizwe.

Nilijiandaa kwa vita. Nilijua atapinga, na moyoni, Mungu anisamehe, nilitamani apinge. Mwenyekiti akamuuliza. Bakari akasimama, akakohoa, akasema, "Mheshimiwa, sina pingamizi. Hata mimi ile hukumu inanisumbua. Inasema nilitoa madai ya uongo. Watu ninaofanya nao biashara Dar wananisoma."

Tunu, damu ilinichemka! Yaani huyu mtu anipakaze gongo mimi, baraza liseme ni mwongo, halafu leo nimsaidie kufunika uongo wake? Hapo ndipo mwenyekiti akanigeukia. Alivua miwani.

"Mama, nataka nihakikishe umeelewa. Sehemu iliyosema huna hatia, nayo haitasomeka kwa jina lako. Huyu bwana atapumzika, na wewe utabaki bila cha kuwaonyesha watu. Una la kusema?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na la kusema mpaka jua lizame. Nikakutazama, wewe ulishaingia na kukaa benchi lile lile la mbele, mikono imetulia mapajani, umeshakua, mrembo. Ulikuwa unangoja kusikia nitaanza kukusema wapi.

"Sina, Mheshimiwa," nikasema, nikakaa.

Yule karani aliinua kichwa. Nadhani kwenye jalada letu hajawahi kuona jibu langu lenye maneno mawili. Tulipotoka nje ulicheka mpaka ukajishika ukuta. "Mama, wewe? Sina, Mheshimiwa?" Nami nikacheka, tukacheka kama wendawazimu pale mbele ya watu waliokuja na kesi zao za mipaka ya mashamba.

Ulifikiri nitajuta. Nakuambia sijajuta. Juzi hapa sokoni yule muuza dagaa aliniambia kwa kunichokoza, "Si wewe uliyekuwa ukiuza gongo Kasingirima?" Zamani ningefunga biashara nikakimbilia nyumbani kuleta karatasi. Nikamjibu, "Mimi nauza mawese, tena hayo uliyokaangia leo ni yangu." Akacheka, nikacheka, akanunua chupa nyingine. Nimegundua kwamba watu wanaonijua walikuwa wananijua tangu mwanzo, na wale wengine hata mhuri haukuwatosha. Ningejua hivyo mapema ukuta wangu ungekuwa na kalenda na saa tu.

Ninachotaka kukuambia kuhusu ugonjwa wako ni kidogo, maana nimekwisha kusema zaidi ya haki yangu. Huo si aibu, na wala sikuufunga ndani ya jalada kwa sababu ni aibu. Mzee Sudi alikulaza ubavu mbele ya mtaa mzima, na hakuna aliyekupenda pungufu. Tofauti ni kwamba wale walikujua wewe kwanza. Huko Mpanda utapata mtu, mwenzako wa kazini au jirani, utamtazama moyo wako utakubali, utamwambia. Au utakaa mwaka hujamwambia mtu. Mimi nitakuwa na wasiwasi, lakini wasiwasi huo ni mzigo wangu, nitaubeba mwenyewe. Na siku utakapompenda mtu, usimwachie mama yako ndiye amweleze. Sijiamini hivyo.

Namshukuru Mungu kwa ule ukali wako, kule kuniambia "ni wangu" katikati ya kituo cha magari. Ulinisemesha kama mtu mzima anavyomsemesha mtu mzima, mimi nikauita utovu wa adabu. Kama ungekuwa mtoto wa kunyamaza tu na kugeuza karatasi, leo ungekuwa unaondoka na ukurasa ule umekutangulia. Nakuachia uende na ukali huo. Na mama yako pia usimwonee haya kumwambia.

Sasa nimalize kwa jambo la leo, ambalo hujalijua.

Mchana ulipoondoka tu, simu yangu iliita. Namba ngeni. Ni yule mama wa Mpanda atakayekupangisha chumba. Sauti ya upole, mtu mzima kama mimi, akanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya huku na mvua. Akasema amefurahi kwamba anapata mpangaji msichana anayefanya kazi hospitalini. Kisha akasema, "Mama mwenzangu, tunaongea kama wazazi. Huyo mtoto ni mtu wa namna gani? Kuna chochote ninachopaswa kukijua kabla hajafika?"

Nilikuwa nimekaa juu ya begi lako. Unajua ninavyokuwa nikipata mtu mpole upande wa pili wa simu. Nilishafungua mdomo, na nilikuwa na nia njema kabisa, ningemwomba akuangalie, ningemweleza namna ya kukulaza, ningelia naye kidogo, tungekuwa marafiki.

Nikaufunga. Yule mama akadhani simu imekatika, akawa anaita, "Halo? Halo?"

"Nipo," nikamwambia. "Anaitwa Tunu. Atafika kesho jioni. Mengine utamuuliza mwenyewe."

Mama yako,
anayejifunza kukaa kimya.